Kwa nini mtu mzima anapimwa macho, ananunua miwani, kisha anaifungia kabatini?

Mwalimu Mstaafu: Wanajamvi, mdogo wangu ana miaka 52. Mwaka jana alipimwa, akanunua miwani, na hadi leo imelala kabatini. Ujumbe wa simu anasomewa na mwanawe. Ni kiburi au aibu? Kina mama ndio wamezidi, urembo kwanza.

Binti Tanga: Mwalimu, umeanza na mdogo wako ukamalizia na sisi! Navaa miwani tangu kidato cha pili. Walioniita "macho manne" wote walikuwa wanaume.

Dereva wa Moro: Mwalimu hajakosea. Mke wangu huvua kila tukipiga picha.

Binti Tanga: Picha ni dakika moja, kaka. Wewe usiku ukiwa na abiria unavaa?

Dereva wa Moro: Miwani inalemaza macho. Ukiizoea huachi tena. Babu yangu kafika 80 bila miwani.

Fundi Cherehani: Hailemazi! Ukigonga miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa, vya karibu vinafifia, uvae usivae. Miaka mitatu nilitungiwa uzi na watoto, nikapoteza wateja wa nguo za harusi kwa mishono iliyopinda. Kuna utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, 2018 kama sikosei: waliopewa miwani walichuma zaidi kwa asilimia 20 na kitu. Hao ni wa majani, sembuse sisi wa sindano.

Dereva wa Moro: Nani kasema mimi sioni? Na babu yangu mwacheni.

Binti Tanga: La usiku hujalijibu.

Mama Pacha: Mnagombania urembo bure. Mimi nikivaa yangu ngazi zilikuwa zinanisogelea, kichwa kinagonga. Dukani wakaniambia "utazoea". Nilipopimwa kwingine ikaonekana lenzi zilikosewa, na hela imeshakwenda. Mwalimu, umemuuliza mdogo wako akivaa anaonaje?

Mwalimu Mstaafu: Nimempigia sasa hivi. Anasema akitoka nayo barabarani kote ni ukungu. Kumbe ni ya kusomea tu, na aliyemuuzia hakumwambia! Mwaka mzima nimemwita mkaidi mbele ya wanawe.

Fundi Cherehani: Mwambie aivae akishika simu, avue akinyanyuka.

Binti Tanga: Nimefurahi kwa mdogo wako, Mwalimu. Lile neno la kina mama bado hujalifuta.