Feni inazunguka nusu duara kisha kompyuta inakufa: ni pawa saplai?

Jirani_wa_Kondele (Kisumu)
Wadau, naomba msaada. Kompyuta nimejiundia mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 580 ya GB 8, ramu GB 16, SSD moja (diski ya kuhifadhi mafaili) ya SATA. Juzi nimetoa pawa saplai (boksi linalogawa stima ndani ya kompyuta) ya wati 450 nikaweka ya wati 650 ya kampuni nyingine. Zote ni za kebo zinazochomoka upande wa pawa saplai pia, kwa hivyo kebo za zamani niliziacha humo humo, zilikuwa zimeshafungwa vizuri nyuma ya madabodi. Sasa nikibonyeza kitufe, feni zinazunguka nusu duara na kila kitu kinazima. Nikibonyeza tena, kimya, mpaka nizime soketi ya ukutani na kungoja. Stima ya huku hupotea na kurudi mvua ikinyesha, ndiyo maana nashuku imeunguza kitu. Ninunue pawa saplai nyingine?

Fundi_Lanet (Nakuru)
Usinunue chochote, na usibonyeze tena. Shida ni kebo.

Upande wa kebo unaoingia kwenye madabodi, kadi ya picha na SSD hufuata viwango vya pamoja vya kampuni zote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna kiwango: kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zaweza kutofautiana. Plagi inaingia na kukaa vizuri kabisa, lakini volti 12 inaangukia waya wa hasi. Hiyo ni shoti. Pawa saplai ikiihisi hujifunga, na nyingi hazijifungui mpaka zikatiwe stima. Nusu duara unayoiona ni kinga ikifanya kazi.

Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili kapasita zitoe chaji, kisha toa kebo zote za zamani. Zote, hata ile ya SATA. Tumia zilizokuja ndani ya boksi la wati 650 pekee.

Waya_Kijani
Kabla ya kufunga kebo mpya kwenye madabodi, ajaribu pawa saplai peke yake. Kwenye plagi ya pini 24 ya kebo mpya, unganisha pini 16 na pini 17 kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni ikizunguka, ni nzima.

Fundi_Lanet (Nakuru)
Jaribio hilo ni zuri kwa kuanzia tu. Linaonyesha kwamba inawaka bila mzigo, halionyeshi kama itahimili mzigo. Na feni kutozunguka si ushahidi wa ubovu, kwa sababu baadhi huzima feni mzigo ukiwa mdogo. Aamini multimita (kifaa cha kupimia volti): volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47.

Baada ya hapo unganisha pini 24 na ile plagi ya prosesa ya pini 8, basi. Acha kadi na SSD nje. Zingatia kwamba Ryzen 5 5600 haina chipu ya picha ndani yake, kwa hivyo skrini itabaki nyeusi. Unachotafuta ni feni zisizokatika. Zikiendelea, zima, rudisha kadi na kebo yake. SSD iwe ya mwisho, na kwanza pima plagi yake: pini 7 hadi 9 zitoe volti 5, pini 13 hadi 15 volti 12. SSD za SATA hutumia volti 5. Ikipokea 12 hapo, yaweza kuungua mara moja.

Jirani_wa_Kondele (Kisumu)
Nimefuata. Feni haikatiki tena. Volti 12 inasoma 12.08, volti 5 inasoma 5.03. Kadi imeleta picha. Ila SSD haionekani kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya madabodi).

Waya_Kijani
Badilisha kebo ya data na tundu la SATA kwanza. Isipoonekana, itoe, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na upime pini 7 na pini 4 za SSD. Ikisoma karibu na sifuri, ina shoti. Usiipe stima tena. Chipu za data zaweza kuwa nzima, kwa hivyo kama kuna mafaili unayoyahitaji, mpelekee fundi anayefanya kazi ya kurejesha data. Usiifungue mwenyewe.

Fundi_Lanet (Nakuru)
Kuhusu wati: prosesa hiyo hula kama 76 ikikazwa, kadi 185, vingine vyote hamsini hivi. Ile 450 ilitosha kama ilikuwa nzima. Ukiihifadhi, ifunge pamoja na kebo zake na uzitie alama.

Stima ya Kisumu ni jambo la kweli lakini tofauti. Radi ikianza, chomoa plagi kabisa, pamoja na waya wa intaneti, maana swichi ya soketi haizuii radi. Kwa kupotea-rudi, weka UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea), na usome wati zake, si VA (namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi): ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400. Halafu mwite fundi wa stima apime eathi ya nyumba. Na kichungi cha feni ukisafishe mara kwa mara, wadudu wa ziwani hukiziba.