Kampuni za mitandao, acheni kukabidhi swichi ambazo hamjazimaliza! Watu wamelipa, simu hazisikiki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar imeniita. Simu za mezani zinakatakata, mteja akipiga anasikika nusu nusu, na kompyuta zinasuasua kuanzia asubuhi. Mtandao wao ni mpya. Kampuni iliyoujenga imelipwa mpaka shilingi ya mwisho na hati ya makabidhiano imesainiwa. Ukifungua kabati la vifaa unaona nyaya zimefungwa vizuri, zimepangwa kwa rangi, mpaka unasema hapa walipita mafundi.

Ndani ya swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na simu zote za ofisi, hakuna kilichofanyika. Poti zote, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, ziko VLAN 1 (VLAN ni mtandao mdogo unaotengwa na mingine ndani ya swichi ile ile). Kompyuta za wahasibu, simu, kamera, printa na Wi-Fi ya wageni, vyote vimerundikwa pamoja. Mtu aliyekaa mapokezi kusubiri karatasi za mzigo wake anaweza kuifikia kompyuta yenye hesabu za kampuni akiwa na simu yake tu ya mkononi. Na kuna watu walisaini kwamba kazi imekamilika!

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kwenye swichi ya chini nilikuta VLAN 20 imeundwa na imepewa jina SAUTI, lakini haina poti hata moja. Maana yake fundi alijua kinachotakiwa. Alianza, simu za ghorofani zikakosa anwani za mtandao (IP), akarudisha kila kitu VLAN 1 na kuondoka. Hakujiuliza kwa nini zimekosa anwani. Sababu ilikuwa wazi: waya unaounganisha swichi ya chini na ya juu umeachwa kwenye mpangilio wa dynamic auto pande zote mbili. Kwenye Catalyst, swichi za Cisco kama hizi, pande mbili zikiwa auto kila moja inamsubiri mwenzake aanze, hakuna anayeanza, na tranki, yaani waya mmoja unaopitisha VLAN nyingi, haiundwi. Waya unabaki poti ya kawaida ya VLAN 1, kwa hiyo VLAN 20 haiwezi kupanda juu hata ukae hapo mwezi mzima. Dawa yake ni switchport mode trunk huku na huku, kisha unataja VLAN zinazoruhusiwa kupita. Kwa ajili ya mistari hiyo, ofisi nzima inahangaika.

Na hiyo dynamic auto wameiacha mpaka kwenye soketi za ukutani, mapokezi zikiwemo. Mwenye nia mbaya akichomeka laptopu yenye programu inayozungumza DTP, lugha ambayo swichi za Cisco hutumia kukubaliana tranki, swichi itakubali kuwa tranki naye, na VLAN zote utakazounda zitakuwa wazi kwake. Poti ya mtumiaji unaiandikia switchport mode access, mchezo huo unakufa hapo hapo. Mstari mmoja!

Turudi kwenye simu, maana ndizo zinazowafukuzia wateja. Simu ya mezani ya IP ina swichi ndogo ndani yake. Waya mmoja unatoka ukutani kuja kwenye simu, na kompyuta inachomekwa nyuma ya simu. Poti inaandikwa switchport access vlan 10 kwa ajili ya kompyuta na switchport voice vlan 20 kwa ajili ya simu. Swichi inaiambia simu kupitia CDP au LLDP-MED, ujumbe ambao vifaa vya mtandao hutumia kujitambulisha, kwamba sauti yake iende VLAN 20. Simu inaweka lebo ya 802.1Q, alama inayotaja VLAN, kwenye fremu (vifurushi vya data) zake, kompyuta inaendelea bila lebo kwenye VLAN 10. Simu za ofisi hii zinategemea LLDP, na kwenye swichi zao LLDP ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyeandika lldp run, amri ya kuiwasha.

Lebo hiyo ina baiti 4. Ndani yake biti 12 ni namba ya VLAN, na biti 3 ni kipaumbele. Sauti kwa kawaida hubeba kipaumbele cha 5, na ukiiambia swichi iamini alama hiyo, pakiti za sauti zinapitishwa mbele. Bila lebo, pakiti ya sauti inapanga foleni nyuma ya mtu anayepakua faili kubwa. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, uitwao G.114, unataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hapo kwenye foleni itafika saa ngapi? Halafu mteja anaambiwa laini ya intaneti ni ndogo, anunue kubwa zaidi. Amenunua, na simu bado zinakatika.

Nywila wamekataa kumpa mwenye mali. Wanamwambia akitaka chochote apige simu, watakuja kwa malipo. Swichi ni yake, risiti anayo! Kwa idhini yake nilisubiri watu watoke kazini, nikazima swichi na kushikilia kitufe cha Mode wakati inawaka, njia ya kuiruka nywila, ndipo nikaingia.

Wala si hawa peke yao. Kituo kimoja cha afya mkoani walimwita fundi aongeze VLAN ya kamera. Akaingia kwenye tranki akaandika switchport trunk allowed vlan 40. Hakuweka add. Amri hiyo bila add haiongezi, inafuta orodha yote na kubakiza 40 peke yake. Mapokezi, maabara, dirisha la dawa, wote wakapotea kwa mpigo. Akasema swichi imeungua, akawauzia nyingine. Swichi "iliyoungua" niliikuta stoo, nikaiwasha, nikaandika show running-config: tranki inaruhusu 40 tu. Nzima kabisa. Tena asingehifadhi mipangilio ile, kuizima na kuiwasha tu kungerudisha kila kitu. Alihifadhi. Huo ni uzembe uliomalizikia kwenye wizi, na pesa iliyotumika ni ya kutibia watu.

Kuna wengine wanakosea kinyume chake, wanapanga vizuri halafu hawaandiki copy running-config startup-config, amri ya kuhifadhi mipangilio isipotee swichi ikizimika. Kwa umeme wetu huu.

Najua mtu atakuja kusema mteja alitaka bei ya chini. Bei ya chini itakupunguzia ubora wa kebo au idadi ya soketi. Haikuzuii kuandika amri ya interface range na kupanga poti 24 kwa mara moja. VLAN za data na sauti, poti za aksesi, tranki, yote hayo yamo kwenye CCNA 200-301, mtihani wa Cisco wa ngazi za mwanzo wa kazi hii. Asiyeyaweza ni kishoka, hata akija na gari lenye nembo ubavuni.

Wenye ofisi mnaosoma hapa, msisaini makabidhiano kabla hamjapewa nywila zote, mchoro unaoonyesha kila soketi inaingia poti ipi, na nakala za majibu ya amri za show vlan brief na show interfaces trunk, zinazoonyesha VLAN na tranki zilizopangwa, kutoka kila swichi. Chukueni simu ya mezani ya ghorofa ya mwisho, pigeni nje, huku mwenzenu anapakua faili kubwa kwenye kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu hiyo hiyo. Halafu zimeni umeme, washeni, mpige tena.

Nimewasiliana na kampuni iliyojenga hapo kwenye forodha. Wanadai dhamana yao inahusu vifaa na nyaya, mipangilio ya swichi haimo. Mkataba wenyewe umeandika "kufunga na kukabidhi mtandao unaofanya kazi". Mwanasheria yeyote humu, au aliyewahi kudai kwa kifungu kama hicho akalipwa, naomba aeleze alianzia wapi. Mteja yuko tayari kuwafuata.