Civic ya 1994, kompyuta ya P28, turbo ya 0.5 bar: nianzie wapi?

Gia_Tano

Habari wakuu. Gari ni Civic ya 1994, injini D16Z6, gia za mkono, kompyuta ni P28 iliyokuja nayo. Nataka kufunga turbo ndogo, presha isizidi 0.5 bar. Nozeli ninazo tayari, za cc 450 kwa dakika. Kwa mita kila moja inasoma om 2.5 hivi. Naomba kujua kama P28 itaweza au nitafute kompyuta ya kisasa, chipu inawekwaje, na baada ya hapo majedwali ya mafuta na taimingi (muda wa cheche) naanza kuyapanga vipi. Kuna fundi anasema nisihangaike na chipu: niweke vali ya njia moja kwenye mpira wa sensa ya MAP (ile inayopima presha ya hewa inayoingia injini), niongeze presha ya mafuta, yaishe. Ni sawa?

FundiWaya

P28 inatosha mkuu, wala usinunue nyingine. Kwenye ubao wake kiwanda kiliacha nafasi tupu ya chipu ya nje, ndiyo maana watu hawaachani nayo mpaka leo.

Ila gari lenyewe liwe zima kwanza. Magari ya umri huu yana magonjwa mawili ya kudumu. La kwanza ni relei kuu, ile ya chini ya dashibodi: lehemu ya miguu yake hupata nyufa, gari likiwa la moto linakataa kuwaka, likipoa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fungua kiboksi chake, lehemu upya miguu yote. La pili ni ethi ya kompyuta, iliyofungwa kwenye nyumba ya thermostati. Washa injini na taa kubwa, weka mita kati ya waya wa ethi kwenye kompyuta na hasi ya betri. Ikivuka volti 0.1, fungua boliti, piga msasa, funga upya. Ethi chafu inazifanya sensa zote ziseme uongo, na uongo huo utauingiza kwenye jedwali bila kujua.

Sasa ubao. Unahitaji soketi ya miguu 28, chipu ya 74HC373 yenye miguu 20, kapasita mbili za seramiki za 0.1 µF (zinakaa C51 na C52), rezista ya kilo-om 1 (R54), na kipande cha waya cha kuunganisha J1. Chipu ya programu iwe 29C256 au 27SF512.

Kazi ngumu hapo ni kufungua matundu, siyo kulehemu. Kiwanda kiliyajaza lehemu na juu yake kukapakwa vanishi. Kwangua vanishi kidogo, ongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani ili iyeyuke kirahisi, kisha vuta kwa pampu ya kunyonya. Pasi ikae nyuzi joto 350 hivi, sekunde tatu nne kwa tundu. Usitoboe kwa drili: ndani ya tundu kuna bomba jembamba la shaba linalounganisha upande wa juu na wa chini, ukilikata umeua njia ya umeme. Angalia pia mwelekeo wa kidoadoa cha 373 na cha chipu kabla ya kuwasha.

Jinsi ya kusoma matokeo: gari likiwaka vizuri lakini mabadiliko yako hayaonekani, J1 haijashika na kompyuta bado inasoma programu yake ya ndani. Taa ya injini ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa kodi (namba ya kosa) yoyote na gari linakohoa, J1 imeshika ila chipu haisomeki. Hapo ni mguu wa 373 haujashika lehemu, chipu imegeuzwa, au faili limewekwa mahali pasipo. Hili la mwisho linawanasa wengi wenye 27SF512. Yenyewe ni ya kilobaiti 64, faili la P28 ni 32, na kompyuta inasoma nusu ya juu tu. Faili lianzie anwani 8000 ya heksadesimali. Ukiliweka sifuri, kompyuta inasoma patupu.

Mzee_Kabureta

Vali ya njia moja: hapana. Inaizuia sensa ya MAP isione presha ya turbo, kwa hiyo kompyuta inabaki ikiamini injini inavuta hewa ya kawaida na inatoa taimingi ya injini isiyo na turbo. Na hesabu ya mafuta haikubali. Kiasi kinachopita kwenye nozeli kinafuata kipeuo cha pili cha presha: ukitaka mafuta asilimia 50 zaidi kwa nozeli zile zile, presha izidishwe mara 2.25. Kutoka bar 3 unafika karibu 7. Pampu gani ya gari hili itasukuma bar 7 na bado itoe ujazo wa kutosha?

Sensa ya kiwandani yenyewe inasoma mpaka takriban 0.7 bar juu ya hewa ya kawaida. Kwa 0.5 huhitaji sensa nyingine.

Om_Kumi

Kabla hujafika kwenye jedwali, hizo nozeli za om 2.5 usizichomeke hivi hivi. Za kiwandani kwenye D16Z6 zina om 10 hadi 13. Kwa volti 14 na om 12 inapita ampea 1.2 hivi, kwa om 2.5 zinapita 5.6, na transista za P28 hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Zitaungua. Huenda isiwe siku ya kwanza.

Weka rezista nne za om 10, wati 25, moja kwa kila nozeli, upande wa umeme chanya. Ni ule waya wa njano wenye mstari mweusi; ukate kabla haujagawanyika, kisha ugawe mara nne kupitia rezista. Kila rezista italazimika kuhimili wati 12 hivi, kwa hiyo zifunge kwenye bati la alumini, mbali na mipira na ekzosti. Au tafuta nozeli za om nyingi, uondokane na haya yote. Mimi ningefanya hivyo.

Gia_Tano

Asanteni sana. Soketi na 373 nimeshazielewa, na vali nimeachana nayo. Tukija kwenye majedwali: nachukua faili la mtu mwenye gari kama langu?

Jedwali

Faili la mtu mwingine litakuwashia gari, halitakulindia pistoni. Anza na faili asili la P28 ndani ya Crome, eCtune au Neptune (programu za kuhariri faili la kompyuta), kisha uongeze safu za presha ya turbo, kwa sababu majedwali ya kiwandani yanaishia karibu na hewa ya kawaida.

Kwanza kipimo. Sensa ya oksijeni ya kiwandani inajua tu kama umevuka 14.7 (uzito wa hewa kwa mafuta moja) kwenda juu au chini. Haiwezi kukuambia 11.5 au 12.8. Funga waidibendi (sensa ya oksijeni inayosoma namba halisi), mfano Bosch LSU 4.9, baada ya turbo na mbali nayo kiasi, mita moja ni nzuri. Iinamishe angalau nyuzi 10 juu ya usawa, maji ya ekzosti yasiikalie na kuipasua. Hakikisha hakuna gasketi inayovuja mbele yake, maana hewa ikiingia itasoma mafuta machache wakati yapo ya kutosha. Plagi ikikosa kuwasha, inasoma hivyo hivyo.

Pili taimingi ya msingi. Injini iwe ya moto, unganisha pini mbili za soketi ya huduma, piga taimingi laiti (taa ya kupimia taimingi) kwenye puli: alama nyekundu, nyuzi 16 kabla ya pistoni kufika juu. Zungusha distribuita mpaka ifike. Ukiruka hapa, kila nyuzi utakayoandika kwenye jedwali ni ya kubahatisha.

Tatu ukubwa wa nozeli. Za kiwandani ni cc 240, zako 450, kwa hiyo kizidisho ni 240 ÷ 450 = 0.533. Ukishakiingiza kuna namba nyingine ambayo watu huipuuza: muda wa nozeli kuchelewa kufunguka, ambao unabadilika na volti ya betri, na hizo rezista za Om_Kumi zinaurefusha. Ukikosea milisekunde 0.2, gari likiwa sailensi (linawaka bila kukanyagwa) ambapo nozeli inafunguka kama milisekunde 2, umekosea asilimia 10. Kwenye mzigo mkubwa, milisekunde 13, ni asilimia moja na nusu tu. Kwa hiyo ukiona sailensi mafuta yamezidi au yamepungua wakati juu yako sawa, usichezee jedwali. Rekebisha muda wa kuchelewa.

Nne, sasa jedwali. Zima marekebisho ya sensa ya oksijeni kwenye programu, la sivyo kompyuta itakuwa inafuta unachoandika. Ngoja feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, anza na sailensi, lenga 14.7 au mzito kidogo (mafuta zaidi, namba ndogo) kama gari linatikisika. Kisha mwendo wa kawaida, mizunguko 2,000 hadi 3,500, mguu mwepesi. Turbo iwe ya mwisho.

Hesabu ya kila kisanduku: thamani ya zamani zidisha kwa uliyopima, gawanya kwa unayoitaka. Umeona 12.6 na unataka 11.6? 12.6 ÷ 11.6 = 1.086, ongeza asilimia 8.6 pale na nusu yake kwenye visanduku jirani. Chini ya turbo lenga 11.5 hadi 11.8, na uanze ukiwa mzito, kama 11, kisha upunguze mafuta polepole. Usianze na machache ukitarajia kuongeza baadaye.

Taimingi: P28 haina sensa ya kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), haitakuokoa. Kama pa kuanzia, punguza nyuzi 1.5 kwa kila 0.1 bar, yaani 7 hadi 8 kwenye 0.5 bar. Funga bomba dogo la shaba kwenye bloku, vuta mpira wake mpaka kwenye hedifoni, msaidizi asikilize wakati wewe unaendesha au uko kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Mlio wa kokoto ndani ya kopo: ondoa mguu papo hapo, toa nyuzi 2, rudia. Mvuto wa kwanza gia ya tatu, ishia mizunguko 5,000, usome data yote kabla ya kwenda juu zaidi.

Mzee_Kabureta

Niongezee moja. Kama chini iko sawa lakini kuanzia 5,500 mafuta yanapungua na kuongeza kwenye jedwali hakubadilishi kitu, acha kuongeza. Mizunguko 7,000 inakupa milisekunde 17.1 kwa mzunguko kamili wa injini, yaani krenki ikizunguka mara mbili. Soma kwenye data nozeli iko wazi kwa muda gani. Ikiwa bado chini ya 13.7, ambayo ni asilimia 80, nozeli hazina kosa. Weka geji kwenye reli ya mafuta: presha lazima ipande sawa na ya turbo, 3 iwe 3.5 ukiwa kwenye 0.5 bar. Isipopanda, ni pampu, chujio au umeme wa pampu. Pima volti kwenye pampu yenyewe, injini ikiwa kwenye mzigo. Waya wa umri huu mara nyingi unafikisha 11 na kitu wakati betri ina 14.

Om_Kumi

Na plagi. Tumia za baridi zaidi kwa hatua moja, kwa NGK ni namba moja juu, na mwanya ushushe kutoka 1.1 mm hadi 0.75. Presha ya turbo inazima cheche ya mwanya mpana, waidibendi inaonyesha mafuta machache, na wewe unabaki kuongeza mafuta pasipo na kosa la mafuta.