Wasifu wa baba: ya nyumbani yanasomeka kanisani?

Wakuu, baba amefariki Jumanne, tunazika Jumamosi hapa Marangu, na wasifu nimeachiwa mimi. Alikuwa bwana shamba wa serikali miaka 31, anazunguka kwenye mibuni ya watu na pikipiki ya ofisi. Jumapili pikipiki hiyo haigusi. Tulikwenda usharikani kwa miguu, watoto sita, viatu mkononi mpaka karibu na geti. Kwenye mnada baada ya ibada alinunua mkungu uleule wa ndizi aliotoa sadaka asubuhi. Mama alikuwa anasonya! Haya nayo yanaandikwa?

JIBU 1: Pole sana mkuu. Mkungu uweke. Ila tanguliza tarehe za kuzaliwa, ubatizo, kipaimara na ndoa. Wazee wa kanisa la Kilutheri (KKKT) wataziulizia.

JIBU 2: Poleni. Vyeo mwachie mwakilishi wa ofisi, atavisoma kwenye salamu zake, tena kwa kirefu.

MLETA MADA: Asanteni. Nimekumbuka jingine: siku anastaafu aliirudisha ile pikipiki imeoshwa, petroli lita mbili ndani. Akadai waandike hizo lita kwenye hati ya makabidhiano.