Kizunguzungu mzunguko wa pili Forest Trails Bamburi, je, ni viatu?

MamaWawili: Hamjambo humu. Wikendi nakimbia pole pole Forest Trails, ile njia ya kuzunguka chini ya mivinje. Mzunguko wa kwanza niko sawa. Wa pili mashavu ya miguu yanakaza, na nikimaliza nashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Huwa nakaa kwa mamba mpaka kitulie. Soli zangu zimelika, nadhani ndizo. Ninunue viatu gani? Nimeshajiandikisha mbio za kilomita 10 na hofu imeanza kuniingia.

Soli_Imara: Dada, pale chini ni mwamba wa matumbawe ya kale, juu yake majani makavu ya mvinje. Majani yanateleza, mwamba haubonyei. Chukua soli yenye meno mafupi, milimita 3 hadi 4. Meno marefu ni ya matopeni. Kwenye jiwe hayashiki, yanakupindua kifundo. Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umetanuka, na uache upana wa kidole gumba mbele. Ila kichefuchefu hakiletwi na soli.

Jongoo_Mwekundu: Na mkumbuke mnakanyaga nini. Lile lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti mwaka 1971. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo, kwa sababu mizizi yake inaishi na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Majani yake hayakuwa yakioza mpaka walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu. Wao huyatafuna, na kinyesi chao ndicho kilichogeuka udongo. Mvua ikinyesha wanajaa njiani, kwa hiyo fupisha hatua uwaruke. Ukimshika mmoja anatoa majimaji ya kahawia yanayochoma. Usifute jasho la macho kwa mkono huo.

Nesi_wa_Zamu: Tumsikilize mwenye shida. Dada, unaanza saa ngapi? Unakula nini kabla? Unakunywa nini na kiasi gani? Kuna dawa unayotumia?

MamaWawili: Naanza saa tatu asubuhi, watoto wakishakula. Mimi sili. Nakunywa maji matupu, kama lita tatu mpaka nimalize, maana kila mtu anasema kunywa maji mengi. Chumvi nimeachishwa. Pete hunibana kidoleni nikirudi, nadhani ni joto. Dawa hapana.

Nesi_wa_Zamu: Chumvi umeachishwa na nani?

MamaWawili: Na daktari. Nina presha. Nimepewa losartan iliyochanganywa na dawa ya kukojoza, kidonge kimoja asubuhi. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia niache kukimbia. Isitoshe, siku nyingine siimezi. Nikipima nyumbani napata 128 kwa 80, sasa ya nini? Shemeji yangu aliacha zake, na mpaka leo yuko mzima.

Mzee_wa_Kongowea: Mwanangu, kipimo kimeshuka kwa sababu ya hicho kidonge. Ukikitupa, presha hupanda kimya kimya, huisikii mpaka ikuangushe. Habari za shemeji muachie shemeji.

Saa_Mkononi: Samahani, hii hadithi hainiingii. Anakimbia Forest Trails halafu anapumzika kwa mamba? Mamba wako Haller Park, ile bustani ya wanyama ya jirani, nayo ina lango lake na tiketi yake. Na lita tatu anazibeba wapi, kichwani? Mtu ametunga, nanyi mnamwandikia dawa.

Soli_Imara: La mamba hata mimi lilinigonga.

Jongoo_Mwekundu: Akiwa ametunga, jibu bado litamfaa mwingine anayemeza kidonge hicho hicho. Kanuni za jasho hazibadiliki.

MamaWawili: Sikutunga. Mume wangu huwapeleka watoto Haller Park nikiwa nakimbia, nami huwafuata huko. Maji yako kwenye gari, dumu la lita tano, nakunywa nikipita maegeshoni. Kama hamniamini, basi.

Nesi_wa_Zamu: Mimi namwamini, kwa sababu ya ile pete. Hakuna anayetunga pete. Jasho linatoa chumvi, kidonge kinatoa chumvi kwa mkojo, chakula hakina chumvi, halafu unamimina maji matupu juu yake. Sodiamu ya damu, yaani ile chumvi, huenda inashuka: vidole vinavimba, kichwa kizito, kichefuchefu, misuli inakaza. Maji zaidi yatazidisha. Ukitapika, ukichanganyikiwa au ukiona kichwa kinauma sana, nenda hospitali palepale, usingoje kitulie.

Kidonge usikiruke na usikiache mwenyewe. Nenda kliniki na pakiti yake, ueleze mazoezi, saa na maji unayokunywa. Omba wapime sodiamu, potasiamu na figo. Huenda wakabadilisha dawa au saa ya kumeza, lakini hilo ni lao. Mpaka hapo tembea, usikimbie, na usiwe peke yako.

Ukiruhusiwa, anza lango linapofunguliwa. Asubuhi hewa ina unyevu mwingi, lakini jua halijapiga lile jiwe jeupe. Saa tatu, hasa Februari na Machi, upepo haufiki shimoni na jasho linadondoka bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta jasho na umevaa nguo kavu. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi. Kunywa kwa kiu, na kula kitu kidogo kabla.

Soli_Imara: Na dafu je? Hapo nje yanauzwa.

Nesi_wa_Zamu: Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, yaani halirudishi kile anachokosa. Na losartan huzuia potasiamu isitoke, kwa hiyo asinywe madafu mfululizo. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pia asianze kabla ya kumuuliza daktari, ile ni chumvi.

MamaWawili: Jumatatu naenda, na pakiti naiweka kwenye mkoba sasa hivi. Lakini ile kilomita 10 sijaifuta.

Nesi_wa_Zamu: Usiifute bado. Peleka tarehe yake kwa daktari pamoja na pakiti.

Saa_Mkononi: Dada, samahani kwa neno langu. Majibu ya damu yakitoka, rudi utuandikie.