Kabati la Arcade1Up la Street Fighter: kuongeza gemu kwa Raspberry Pi bila kuliharibu

Mnazi_Pacha:

Wakuu, habari za jioni. Nina kabati la Arcade1Up la Street Fighter II, toleo la 2018, la wachezaji wawili, vitufe sita kila upande, kioo cha inchi 17. Limetoka Marekani, sasa lipo Morogoro. Ndani lina gemu tatu tu: Champion Edition, Super Street Fighter II na Super Turbo, na bodi yake haina mlango wa kuongezea kitu.

Nataka kuingiza Raspberry Pi 4 ya GB 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RetroPie, mfumo wa kuchezea gemu za zamani, watoto wapate na Pac-Man, Metal Slug na gemu nyingine za zamani. Kioo na spika vibaki vilevile, na bodi ya awali niweze kuirudisha siku nikitaka. Nilipokwama: kioo hakina HDMI, kina waya bapa inayoingia moja kwa moja kwenye bodi. Adapta ya kabati ni 12V, Pi inataka 5V. Vitufe vya awali sijui kama vinakubali USB. Na umeme ukikatika gemu ikiwa inaendelea, kadi ya kumbukumbu ya Pi itapona? Naomba mnieleweshe ili ninunue vitu kwa mkupuo mmoja.

Soketi_Kavu:

Mkuu, anza na kioo, maana ndicho kinachoweza kufa kwa kosa moja tu.

Fungua mgongo wa kabati, piga picha kila koneta kabla ya kuchomoa, halafu soma kibandiko kilicho nyuma ya paneli. Utakuta ni ya LVDS (njia ya kupeleka picha kwenye paneli kupitia ile waya bapa), pini 30, nukta 1280 kwa 1024. Namba ya modeli ya paneli ndiyo unayompa muuzaji, jina la kabati halimsaidii. Agiza bodi ya kuendeshea kioo yenye HDMI ambayo tayari imepakiwa programu ya paneli hiyo hiyo. Ikiwa na programu ya paneli nyingine utapata picha yenye rangi zilizochafuka, nusu mbili zilizopishana, au weupe mtupu, na utadhani kioo kimeharibika kumbe kizima. Hakikisha mzigo una bodi yenyewe, waya ya LVDS, waya ya taa ya nyuma na kile kibodi kidogo cha menyu.

Sasa penye hatari. Bodi hizi zina jampa (kiunganishi kidogo cha kuhamisha kwenye pini) ya kuchagua volti inayopelekwa kwenye paneli: 3.3V, 5V au 12V. Paneli nyingi za inchi 17 za umbo hili hutumia 5V, lakini tafuta datasheet (karatasi ya vipimo) ya namba yako uthibitishe. Weka jampa, washa bodi waya ya LVDS ikiwa bado haijachomekwa, pima kwa mita pini za umeme za upande wa paneli, uione namba kwa macho yako. Kisha zima, subiri kidogo, ndipo uchomeke. Jampa ikikaa kwenye 12V, paneli inakufa mara moja na haitengenezeki.

Bodi hiyo inakula 12V, kwa hiyo adapta ya kabati inaweza kuilisha ikiwa plagi na ncha chanya na hasi vinalingana. Kwenye Pi, fungua faili ya mipangilio iitwayo config.txt uandike:

hdmi_force_hotplug=1
hdmi_group=2
hdmi_mode=35

Hiyo 35 ni 1280 kwa 1024, 60Hz. Usipoiweka, bodi nyingi hudai kuwa ni televisheni ya 1080p na maandishi yanatoka yamekunjamana.

Chuma_Mtumba:

Naongezea njia nyingine. Ukikosa bodi ya LVDS ya uhakika, monita za mtumba za inchi 17 za mraba bado zipo kwenye maduka ya kompyuta, na nukta zake ni zilezile 1280 kwa 1024. Eneo la picha ni kama mm 338 kwa 270, sawa na la kabati. Unavua fremu ya plastiki, unabaki na paneli na bodi yake kwenye sahani ya chuma, unaifunga mahali pa kioo cha awali. Chagua yenye DVI: waya ya HDMI kwenda DVI inatosha bila kigeuzi. Yenye VGA peke yake inadai kigeuzi chenye chipu ndani, na picha inapungua ukali. DVI ya monita hizi haitoi sauti, hivyo sauti utaitoa kwenye tundu la mm 3.5 la Pi.

Faida yake kwako ni kwamba kioo cha awali unakifunga kwenye boksi pamoja na bodi yake, na siku ya kurudisha hujagusa kitu. Tahadhari: monita ya zamani ina sehemu ya umeme wa ukutani ndani yake. Ukishavua plastiki, funika sehemu hiyo kwa kifuniko cha plastiki ngumu, na bati la monita liunganishwe na waya ya arthi. Watoto wanachezea hapo.

Vitufe_Sita:

Vidhibiti ndivyo vinavyoamua kama mashine itachezeka. Vya awali usivitumie, badilisha vyote. Mahitaji: enkoda mbili za USB za aina ya zero delay (bodi ndogo zinazounganisha vitufe na jostiki na Pi), jostiki mbili zenye pini 5, vitufe 12 vya kucheza, viwili vya Start na viwili vya Select. Jumla vitufe 16. Select haikuwepo kwenye kabati lako kwa sababu lilikuwa halidai sarafu, lakini gemu za MAME (emuleta, yaani programu inayoiga mashine za arcade) zinadai, na kwenye RetroPie unatoka kwenye gemu kwa kubonyeza Select na Start pamoja. Kwa hiyo lazima utoboe matundu mawili mapya. Pazuri ni ukingo wa mbele, chini ya ubao wa vidhibiti, mkono usipopagusa kwa bahati mbaya.

Pima matundu yaliyopo kwa kalipa kabla ya kuagiza. Vitufe vya kucheza vinavyouzwa vingi ni vya mm 30, vidogo ni vya mm 24. Tundu likiwa na mm 28, lipanue kwa msasa wa kuzungusha, usitumie drili ya kawaida, itanasa na kupasua ubao wa MDF. Vitufe vya kubana kwa mabawa vimetengenezwa kwa bati au plastiki nyembamba, kwenye ubao huu mnene havishiki. Nunua vya kufunga kwa nati ndefu. Ukitoboa, bandika utepe wa karatasi pande zote mbili na uanzie upande wenye picha, mwendo wa drili uwe wa polepole, ili mchubuko utokee nyuma.

Kwenye enkoda, ipe kila bodi mpangilio uleule: kitufe cha kwanza cha mchezaji wa kwanza kikiwa kwenye soketi ya K1, cha mchezaji wa pili nacho kiwe K1. Enkoda hizi zote mbili hujitambulisha kwa jina moja la DragonRise, na RetroPie inahifadhi mpangilio wa vitufe kwa jina. Ukichanganya waya, ukirekebisha mchezaji mmoja unamharibu mwenzake. Nani awe wa kwanza inategemea mlango wa USB. Wakibadilishana, badilisha plagi na uziwekee alama. Soketi za turbo na mode ziache tupu.

Unapofika kwenye menyu ya kupanga vitufe, mstari wa juu kutoka kushoto weka Y, X, L, wa chini B, A, R. Kwa mpangilio huo FBNeo, emuleta nyingine ya arcade, inakupa ngumi tatu juu na mateke matatu chini bila kugusa kitu kingine.

Ukitaka vitufe viitikie upesi, fungua cmdline.txt, nenda mwisho wa mstari uliopo, acha nafasi moja, andika usbhid.jspoll=1. Faili hiyo ni mstari mmoja tu. Ukibonyeza Enter katikati, Pi haiwaki.

Soketi_Kavu:

Umeme. Angalia adapta ya kabati palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 100-240V, 50/60Hz, badilisha plagi tu. Ikiwa ni 120V peke yake, usiichomeke ukutani huku. Tafuta 12V nyingine yenye ampea sawa au zaidi na ncha ya ukubwa uleule.

Pi 4 ipe adapta yake ya USB-C ya 5V, 3A. Wapo wanaoshusha 12V kwa konveta ya bei ndogo ili watumie adapta moja, na inawezekana, ila konveta nyingi zilizoandikwa 3A hazifiki hapo zikipata joto. Volti ikishuka utaona alama ya radi kwenye kona ya kioo, gemu zinakwama na sauti inakatika. Hakiki kwa amri vcgencmd get_throttled: jibu 0x0 maana yake salama, 0x50005 maana yake umeme ni mdogo sasa hivi na Pi imepunguza kasi. Chomeka adapta zote mbili kwenye extension moja ndani ya kabati, swichi ikae nje.

Kuhusu umeme kukatika: kadi huharibika pale mfumo unapokuwa unaandika. Weka gemu kwenye fleshi yenye folda iitwayo retropie-mount, hapo na rekodi za michezo zitahifadhiwa humo. Ukishamaliza kupanga kila kitu, ingia raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi), Performance Options, washa Overlay File System. Kuanzia hapo kadi haiandikwi tena. Ukitaka kubadilisha mipangilio unaizima kwanza, unabadilisha, unaiwasha tena. Ukisahau, mabadiliko yanapotea kila ukizima mashine. Kwa kuzima kwa kawaida, ongeza dtoverlay=gpio-shutdown kwenye config.txt na uunge kitufe kidogo kati ya pini ya 5 na ya 6 za Pi. Kitufe hicho hicho kinaiwasha ikiwa imezimwa lakini umeme upo.

Sauti: amplifaya ndogo ya PAM8403, 5V, inatosha. Hasi ya spika isiguse arthi kabisa, kwa sababu chipu hiyo inaendesha ncha zote mbili za spika, ukiigusisha inaungua. Spika ikiwa moja, unga kushoto na kulia kupitia rezista moja ya kilo-omu 1 kila upande, zikutane kwenye ingizo moja. Ukichukua upande mmoja tu, baadhi ya gemu zitapoteza nusu ya sauti. Mngurumo ukisikika, lisha amplifaya kwa chaja yake, usichukue 5V ya Pi.

Mnazi_Pacha:

Shukrani sana wakuu, nimechukua njia ya bodi ya LVDS na picha imetoka safi. Yamebaki matatu. Kitufe kimoja cha mchezaji wa pili kinajibonyeza muda wote. Jostiki ya kwanza, ukisukuma juu inakwenda chini. Na gemu kadhaa zikichaguliwa kioo kinakuwa cheusi sekunde chache, halafu zinarudi kwenye menyu.

Vitufe_Sita:

La kitufe: chomoa swichi ndogo iliyo chini yake uitazame ubavuni. Ina vibati vitatu, vimeandikwa COM, NO na NC. Waya zinatakiwa COM na NO. Hapo kwako moja ipo NC, ndiyo maana mkondo unapita ukiwa hujabonyeza na unakatika ukibonyeza. Hamisha hiyo moja.

La jostiki: mti ukisukumwa juu, ncha yake ya chini inakwenda upande wa pili na kugonga swichi ya huko. Ndiyo maana swichi ya "juu" ni ile iliyo karibu na mchezaji. Legeza skrubu nne, zungusha jostiki nyuzi 180, funga tena. Hapo kushoto na kulia vinageuka pia. Kama ni juu na chini tu vilivyopishana, badilishanisha waya hizo mbili.

Ukiwa umeifungua, tazama bamba la chini lenye uwazi wa mraba. Kwenye jostiki nyingi linazungushwa na kuwa la njia nne. Pac-Man inataka njia nne; kwa njia nane, ukikata kona kwa mshazari gemu inashindwa kujua unataka kwenda wapi na Pac-Man anapita kona. Street Fighter bila mshazari haichezeki, kwa hiyo njia nane ndiyo ya kudumu.

Romu_Kamili:

Kioo cheusi na kurudi kwenye menyu, mara nyingi sana ni seti ya romu (faili za gemu) isiyolingana na emuleta. MAME inabadilisha yaliyomo kwenye zipu kadiri toleo linavyopanda. lr-mame2003-plus imejengwa juu ya seti ya 0.78 na nyongeza zake, lr-mame2010 inataka 0.139, na lr-fbneo inataka seti yake ya sasa. Zipu yenye jina sahihi lakini ya toleo jingine haitawaka. Usizifungue zipu, usibadilishe majina. Gemu za Neo Geo kama Metal Slug zinahitaji pia neogeo.zip kwenye folda hiyo hiyo. Na kama seti yako imegawanywa, toleo la nchi nyingine halina faili zote ndani yake, linategemea zipu ya toleo mama iwepo.

Sababu halisi imeandikwa kwenye /dev/shm/runcommand.log. Isome kabla hujawasha gemu nyingine, kwa kuwa inaandikwa upya kila mara. Itakutajia faili ipi haikupatikana.

Romu zina wenyewe, hapa hatupeani viungo. Kwa kujaribu mashine, tovuti ya MAME inatoa bure gemu chache ambazo wenye haki waliziruhusu kwa matumizi yasiyo ya biashara, zikiwemo Gridlee, Robby Roto na Star Fire. Gridlee ikiwaka kwenye lr-mame2003-plus na nyingine haziwaki, Pi yako haina tatizo, tatizo ni seti.

Mwisho, kioo chako ni 5:4 na gemu hizi ni 4:3. Acha RetroArch, programu inayoendesha emuleta ndani ya RetroPie, ikae 4:3: picha itakuwa 1280 kwa 960, na mistari 32 myeusi juu na 32 chini. Ukiivuta ijaze kioo, wapiganaji wanarefuka. Ukipenda mistari ya televisheni za zamani, washa integer scale (kukuza picha kwa mara kamili tu): Street Fighter ina mistari 224, mara nne ni 896, na shada (shader, kichujio cha picha) ya zfast-crt inakaa sawasawa bila kulemea Pi 4.

Mnazi_Pacha:

Waya ilikuwa kwenye NC kweli, na jostiki imekaa sawa. Log inasema neogeo.zip haipo. Naiweka.