Namwagilia mara mbili kwa siku na bado udongo mkavu, nifanyeje?

JembeButu: Wakuu, habari zenu. Nina bustani ndogo ya nyanya na pilipili hoho, udongo wake kichanga. Namwagilia asubuhi na jioni, lakini mchana majani yamelala. Jana nilifukua hapo hapo nilipotoka kumwagilia: juu pamelowa unene wa kidole, chini vumbi tupu. Maji yenyewe yanajikunja matone matone juu ya vumbi, halafu yanakimbilia pembeni. Jirani ananiambia nichanganye vumbi la mbao. Ni kweli?

MamaMboji: Pole. Mchanga ukikauka kupita kiasi hukataa maji, kwa sababu chembe zake hupakwa nta inayotokana na mabaki ya mimea. Usimwage ndoo nzima kwa mkupuo. Mwaga kidogo, subiri kama dakika kumi, urudie. Kisha tafuta mboji iliyoiva, ile nyeusi inayonukia udongo wa msituni. Tandaza sentimita 5, uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20, ila usikate mizizi ya mimea iliyopo. Na utarudia kila msimu, mchanga unaimaliza haraka.

Kipara wa Shambani: Vumbi la mbao usilifukie! Mimi nililifukia, nyanya zikageuka njano zote. Vijidudu vinavyoliozesha hunyang'anya mimea naitrojeni. Funika juu kwa nyasi kavu, inatosha.

JembeButu: Nyasi unene gani? Na samadi mbichi ninayo, niiweke?

MamaMboji: Nyasi sentimita 5 hadi 8, ziwe hazina mbegu, la sivyo utapalilia mpaka uchoke. Lowesha udongo kwanza ndipo ufunike, na uache nafasi kuzunguka shina lisije likaoza. Samadi mbichi itaunguza mizizi, irundike ioze kwanza.

Tope Tupu: Samahani kwa kudandia uzi. Udongo wangu ni wa mfinyanzi, unapasuka nyufa. Niongeze mchanga?

Kipara wa Shambani: Thubutu! Utapata tofali. Weka mboji hiyo hiyo, na usiulime ukiwa umelowa.

JembeButu: Mrejesho: jioni hii nimemwaga kwa awamu tatu, maji yale yale ya siku zote. Nimefukua, unyevu umeshuka urefu wa kiganja. Kesho nakata nyasi.